Shajara ya mradi: SeisComP isitupimie matetemeko ya huku kwa rula ya California

Jumatatu usiku

Haya wakuu, mashine imekaa sawa. Ni kompyuta ya mezani ya zamani tu, Linux juu yake, SeisComP imeshaingia na database inapokea data. Kwa ambaye hajawahi kuigusa, SeisComP ni softiwea iliyoanzia GFZ kule Potsdam Ujerumani, vituo vingi vinavyofuatilia matetemeko duniani vinaitumia, na sehemu zake za msingi ni bure. Stesheni ninazovuta ni za wazi kabisa, mtu yeyote anazipata kwa intaneti: KMBO iliyopo Kilima Mbogo Kenya, KIBK ya Kibwezi na MBAR ya Mbarara Uganda. Ya kwetu wenyewe ni moja tu kwa sasa, jiofoni (sensa ndogo ya mtikisiko wa ardhi) iliyopo Arusha.

Kupata mahali tetemeko lilipotokea hakunipi presha sana, stesheni nne ukizipanga vizuri unapata mahali pa kueleweka hata kama kina chake kitayumba. Kazi ipo kwenye ukubwa. Na ukubwa ndo kitu watu wanauliza, ardhi ikitikisika Arusha ndani ya dakika mbili magrupu yote ya WhatsApp ni "lilikuwa ngapi?" na kila mtu anakuja na namba yake. Bukoba 2016 tuliona hivyohivyo, ile ya tarehe 10 Septemba yenye 5.9, na 12 Agosti 2020 Dar es Salaam ilipotikiswa na lile la baharini la 6.0. Kwa haya makubwa hakuna shida, mashirika ya nje yanayashika na kuyatolea namba nzuri. Shida yangu ni yale madogo ya 2 na 3 ambayo hakuna wa nje anayehangaika nayo, hapo namba ni ya kwako mwenyewe na usipoiseti vizuri unakuwa unatangaza uongo wenye desimali.

Kwa hiyo huu mradi hauhusu kuona matetemeko, unahusu magnitudi ya karibu tu, ile inayoandikwa ML.

Jumanne

Leo sijagusa mashine sana, nimekaa na daftari. Nataka kabla ya kubadili chochote nijue kinachohesabiwa ni nini.

Charles Richter mwaka 1935 alikuwa anashughulika na matetemeko ya kusini mwa California, na chombo alichokuwa nacho ni sismomita ya Wood-Anderson. Akaamua hivi: tetemeko likiwa kilomita 100 kutoka kwenye chombo na mstari ukacheza milimita 1 kwenye karatasi, hilo tuliite 3. Basi. Ukicheza milimita 10 umbali uleule ni 4, milimita 100 ni 5. Kwa umbali mwingine unahitaji kusahihisha, maana wimbi linachoka njiani, na hiyo sahihisho ndo inaitwa log A0. Fomula nzima ni ML = log A − log A0, yaani ulichopima jumlisha fidia ya umbali (log A0 yenyewe ni hasi, ndo maana kuitoa kunakuwa kujumlisha).

Sasa siku hizi hakuna mtu anatumia Wood-Anderson halisi, softiwea inachukua data ya kidijitali inaigeuza ionekane kama ingeandikwa na kile chombo. Kwa hiyo ukiweka hesabu ya ML unaweka vitu viwili. Cha kwanza chombo cha kufikirika kina tabia gani, cha pili ardhi yako inachosha wimbi kwa kiasi gani. La kwanza ni la dunia nzima. La pili ni la mahali, na mahali pa Richter palikuwa California.

Nikafungua seting za mwanzo za MLv (ML inayopimwa kwenye mtikisiko wa wima) ndani ya SeisComP nikakuta jedwali hili:

`magnitudes.MLv.logA0 = 0:-1.3,60:-2.8,100:-3.0,400:-4.5,1000:-5.85`

(Ukiwa na toleo la zamani utakuta nafasi na nukta mkato badala ya nukta pacha na koma, usikopi tu kutoka mtandaoni bila kuangalia toleo lako.) Soma hiyo: kilomita 100 fidia ni 3.0, kilomita 400 ni 4.5. Katikati ya hizo pointi inachora mstari ulionyooka. Ile 3.0 ya kilomita 100 ni Richter yuleyule wa 1935, yupo hadi leo kwenye mashine yangu ya Arusha.

Jumatano

Hapa ndo kuna utamu wenyewe.

Ardhi ya Tanzania imeshapimwa hii kitu. Kulikuwa na mradi wa sensa za masafa mapana 1994 hadi 1995, zikasambazwa nchini, na kutokana na data hiyo Langston na wenzake wakatoa mwaka 1998 skeli ya ML ya Tanzania. Fidia yao ni hii, r ikiwa umbali kwa kilomita na amplitudi (kimo cha wimbi lililopimwa) ikiwa milimita za Wood-Anderson:

0.776 log(r/17) + 0.000902 (r − 17) + 2.0

Angalia nanga, yaani umbali ambao skeli imefungwa, ipo kilomita 17 sio 100. Kuna sababu. Hutton na Boore mwaka 1987 walipoipima upya California waliona ukisema "milimita 1 kwa kilomita 100 ni 3", kwa California hiyo ni karibu sawa na kusema "milimita 10 kwa kilomita 17 ni 3", na ya pili ni salama zaidi kuipeleka nchi nyingine kwa sababu kilomita 17 wimbi bado halijasafiri vya kutosha kuonja tofauti ya miamba. Ukiweka r = 17 kwenye fomula ya Tanzania vipande viwili vya mwanzo vinafutika inabaki 2.0, milimita 10 log yake ni 1, jumla 3. Inakubali.

Nikachukua kalikuleta nikalinganisha jedwali la mwanzo na la Tanzania. Kilomita 100: 3.0 dhidi ya 2.67. Kilomita 200: 3.5 dhidi ya 3.0. Kilomita 400: 4.5 dhidi ya 3.41. Kilomita 1000 hata usiseme, 5.85 dhidi ya 4.26.

Yaani kwa stesheni iliyopo kilomita 400, ukiacha seting ya mwanzo unaongeza magnitudi moja nzima na chenji juu. Sio 0.1 ya kubishania. Ni tetemeko la 3.4 kugeuka 4.5, na hiyo ni tofauti ya taarifa ambayo hakuna atakayeisoma na taarifa ambayo redio itaisoma.

Kwanini iko hivyo? Katikati ya Tanzania tumekalia mwamba wa kale sana, mgumu, baridi, ile kratoni, na wimbi likiingia humo linapita bila kupoteza nguvu nyingi. California imevunjikavunjika na ardhi yake inakula mawimbi. Softiwea yenye rula ya California ikiona wimbi limefika mbali bado lina nguvu inajisemea "kwa umbali huu kufika hivi basi lilikuwa kubwa", wakati lilikuwa la kawaida, njia tu ndo nzuri.

Nikatengeneza mfano wa karatasi kwa stesheni zangu hizihizi. Chukua tetemeko upande wa Ziwa Natron karibu na mlima Gelai, eneo ambalo Julai 2007 lilitoa 5.9 ikasikika hadi Nairobi, sio mahali pa kubuni. Kutoka pale Arusha ni kama kilomita 115, KMBO 215, KIBK 230, MBAR 625. Tuseme ukubwa wake halali kwa skeli ya Tanzania ni 3.5. Kwa jedwali la mwanzo Arusha itasema 3.8, KMBO 4.0, KIBK 4.1, MBAR 4.7.

Unaona zinavyopanda kadiri unavyokwenda mbali? Hiyo ndo dalili ya kuikumbuka. Stesheni zikipishana bila mpangilio shida inaweza kuwa udongo wa mahali au sensa, lakini zikipanda kwa kufuata umbali, fidia yako ya umbali sio ya ardhi yako, wala usianze kulaumu vyombo. Na wastani hautakuokoa. SeisComP ikiwa na stesheni za kutosha inakata za juu kabisa na za chini kabisa kabla ya kupiga wastani, jambo zuri kwa stesheni moja iliyochanganyikiwa, ila hapa zote zimeegemea upande mmoja.

Alhamisi

Nimeingiza jedwali la Tanzania kwenye MLv. Kwa vile inaunganisha pointi kwa mistari iliyonyooka na fomula ni mkunjo, pointi chache hazitoshi kwa karibu. Ukiweka 17 halafu ukarukia 60, katikati pale kwenye 38 unapoteza kama 0.06. Nikaandika kiskripti cha Python kinitolee pointi nyingi za karibu na chache za mbali. Kwenye sifuri log inakimbilia kusikojulikana kwa hiyo sifuri nimeipa thamani ya kilomita 10, ambayo ni -1.815.

Mambo mawili ya kuokoa muda wa mtu mwingine.

Hiyo seting iweke global.cfg, faili inayosomwa na programu zote za SeisComP, usiiweke kwenye scmag.cfg peke yake, ambayo ni ya scmag tu, programu inayohesabu magnitudi. Ukiiweka kwa scmag tu, namba ya otomatiki inatoka na jedwali jipya, halafu mtu anafungua scolv, programu ya kukagua matukio kwa mkono, kukagua tukio hilohilo, anabonyeza kuhesabu upya, scolv yenyewe inasoma ya mwanzo na kutoa namba nyingine. Mtakesha mnabishana ofisini wakati wote mko sahihi kwa faili zenu.

La pili, elewa nani anafanya nini. scamp ndo inagusa mawimbi, inaigiza Wood-Anderson, inapima amplitudi na kuitunza kwenye database. scmag haigusi wimbi hata kidogo, inachukua amplitudi iliyotunzwa inaongeza fidia. Maana yake ukibadili log A0 huna haja ya kurudia mawimbi yote, unatoa matukio ya zamani kwa scxmldump pamoja na amplitudi zake, unapitisha kwenye scmag kwa `--ep`, sekunde chache umepata namba mpya. Ila ukigusa filta au tabia ya Wood-Anderson basi ni scamp tena kuanzia mwanzo, na kama hukutunza mawimbi pole yako.

Ijumaa

Leo ni habari ya gain, yaani chombo kinakuza mtikisiko mara ngapi. Wood-Anderson kwenye vitabu vya zamani inakuza mara 2800. Uhrhammer na Collins mwaka 1990 wakaonyesha chombo halisi kilikuwa kinakuza kama 2080. SeisComP inakuja na 2800, kipindi cha sekunde 0.8, damping (kinachozuia chombo kuyumbayumba) 0.8, na vyote vitatu unaweza kubadili:

`amplitudes.WoodAnderson.gain`
`amplitudes.WoodAnderson.T0`
`amplitudes.WoodAnderson.h`

Kishawishi ni kuweka 2080 kwa sababu ndo ya kweli. Tulia kwanza. Tofauti ya 2800 na 2080 kwa log ni 0.13, ukiibadili peke yake magnitudi zako zote zinashuka 0.13 siku hiyohiyo na katalogi yako inapata ngazi katikati ambayo mtu miaka mitano mbele atadhani matetemeko yalipungua. Gain na log A0 ni mke na mume, skeli iliyotengenezwa na gain fulani itumike na gain hiyo. Ukibadili, badili vyote, andika tarehe, na urudie ya nyuma yote. Mimi nimeacha 2800 na nimeandika hivyo kwenye faili ya maelezo ya mradi, herufi kubwa.

Hapohapo kuna mtego wa vipimo. Fomula sanifu ya IASPEI, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa matetemeko, ni log A + 1.11 log R + 0.00189 R − 2.09, na A hapo ni nanomita za mwendo wa ardhi, wala sio milimita za karatasi. Ukiiona ile −2.09 mwishoni jua uko kwenye nanomita. Jaribio la haraka: milimita 1 gawa kwa 2080 ni kama nanomita 480, weka R = 100, jibu linatoka 3.0 kamili. Fomula yoyote mpya ukikutana nayo ipitishe kwenye jaribio la namna hii kabla hujaiamini.

Jumapili mchana

Nimehama MLv. Sababu kubwa ni kina.

MLv inatumia umbali wa juu juu, kutoka kitovu hadi stesheni, kama vile tetemeko limetokea kwenye nyasi. Fomula ya Tanzania inatumia umbali wa mshazari, kutoka chanzo chenyewe chini ya ardhi. Kwa California ambako matetemeko mengi yako juu huoni tofauti sana. Huku kwetu ukoko wa ardhi unavunjika hadi chini kabisa, kilomita 30 sio ajabu. Sasa stesheni ikiwa kilomita 10 kutoka kitovu na tetemeko liko kina cha 30, umbali wa kweli ni karibu 32. Fidia ya 10 ni 1.82, ya 32 ni 2.22, umepoteza 0.4 na umeipoteza kwenye stesheni yako bora kuliko zote, ile ya karibu.

Matoleo mapya yana MLc. Hii inakubali umbali wa mshazari, na badala ya jedwali unaweza kuipa fomula moja kwa moja, unajaza mgawo wa log, mgawo wa mstari, nanga na konstanti. 0.776, 0.000902, 17, 2.0. Imekaa kama imetengenezewa hiyo, na kile kiskripti cha Alhamisi hakina kazi tena.

Faida nyingine, MLc inapima kwenye komponenti za mlalo, na skeli za ML kwa kawaida zimejengwa kwa mlalo. MLv inapima wima, na wima kwa kawaida ni ndogo kuliko mlalo hasa stesheni ikiwa juu ya udongo laini. Kwa wenye sensa za bei nafuu zenye komponenti moja ya wima hapo ndo mnabanwa, hazina mlalo wa kupima. Mawazo yangu ni bora zibaki kwa kazi ya kutafuta mahali na zisiingie kwenye wastani wa magnitudi, kuliko kuzilazimisha halafu zivute namba chini.

Usisahau aina mpya lazima uitaje kila sehemu: orodha ya amplitudi ya scamp, orodha ya magnitudi ya scmag, scevent, inayochagua namba ya kutangazwa kwa kila tukio, ili ijue ipi ni ya kupendelewa, na scolv uione kwa macho. Ukiruka moja hakuna kosa litakalotokea, kimya tu, namba haionekani.

Jioni nimehangaika na filta. Jiofoni ya 4.5 Hz ukiigeuza kuwa Wood-Anderson inabidi softiwea inyanyue masafa ya chini ambayo sensa haikuyasikia vizuri, kinachonyanyuka pale ni kelele tupu, na tetemeko dogo la 1.5 linapimwa ukubwa wa kelele badala ya wimbi. Filta ya kuanzia 0.5 Hz kabla ya kupima imetuliza mambo, na nimekaza kiwango cha wimbi dhidi ya kelele ili amplitudi isiyojitokeza itupwe. Napoteza vipimo vya stesheni za mbali kwa matetemeko madogo, sawa tu.

Jumatatu

Jamaa mmoja ameniuliza kwanini nisitumie fomula moja kwa Afrika Mashariki yote. Jibu liko kwenye namba. Bonde la Ufa la Ethiopia lina skeli yake, Keir na wenzake 2006, kwa kilomita 400 fidia inatoka 4.05. Tanzania 3.41, California ya Hutton na Boore 4.24. Ethiopia iko jirani zaidi na California kuliko na sisi! Chini ya ardhi ya Ethiopia kuna joto, kuna miamba iliyoyeyuka, wimbi linakufa mapema. Kwa hiyo tetemeko la Natron kwenda Mbarara linapita Ziwa Victoria na mwamba mgumu, fomula ya Tanzania inafaa. Tetemeko la upande wa Turkana ni habari nyingine. SeisComP mpya inaruhusu kugawa maeneo kwa poligoni kila moja na vigezo vyake, nitaitumia nikishapata stesheni za kaskazini, kwa sasa nimeweka mpaka tu: likitokea nje ya eneo langu natoa mahali, ukubwa nawaachia wenyewe.

Na kwa makubwa ML siitangazi. Skeli hii inaanza kushiba ukikaribia 6.5 hivi, tetemeko linaongezeka namba haipandi. scevent nimeipanga ikipata Mw (magnitudi ya momenti, isiyoshiba) ya kutosha ipendelee hiyo.

Kilichobaki ni masahihisho ya kila stesheni. Kwenye bindingi, yaani seting za kila stesheni, kuna `magnitudes.MLc.offset`, unaiambia stesheni hii daima inasoma juu kwa kiasi fulani, punguza. Bado sijaweka hata moja. Kwanza nataka matukio ya kutosha kutoka pande tofauti, Natron, Manyara, Eyasi, nichore tofauti ya kila stesheni dhidi ya umbali. Mchoro ukilala bapa basi fidia ya umbali iko sawa na kinachobaki ni cha stesheni, hapo ndo naweka offset. Ukiwa bado na mteremko, offset itakuwa inaficha kosa la fomula tu. Sensa ya pili ya komponenti tatu inaenda Babati, nikiifunga hiyo nitaanza kuchora.